Kitabu Nilichokihamishia Chiwata

Jambo hili nimelificha miaka mingi, na mke wangu akianza kulitaja mbele ya wageni mimi huinuka nikajifanya naenda chooni, lakini leo nalisema lote, mnicheke au mnitemee mate, yote sawa.

Enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila mtu aligeuka mfanyabiashara, huyu mitumba, huyu redio, yule ananunua korosho kwa mizani yake mwenyewe, nami nikatandika turubai sokoni Masasi nikauza vitabu. Mimi, niliyeishia darasa la pili! (Kusoma najua, ila taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kutafuta mawe.) Aliyenisomea ni mke wangu, Mama Tatu, akishaosha vyombo; mimi nashika kisa chote kichwani, kesho yake nakimwaga sokoni. Wateja walikuja na swali moja tu, "Baba Tatu, kitamu kipi leo?" na mimi vilivyonikaa moyoni ni vile vya nchi zisizokuwepo, mfalme aliyeoa kivuli chake, kijana aliyepanda fisi hadi mwezini. Cha kilimo cha vitunguu nilikiacha pembeni kikaliwa na mchwa.

Kitamu kuliko vyote kilikuwa cha malkia mwenye jicho moja, wa kisiwa kisichokuchwa jua, anayeiba vijana wa watu. Wazazi wanazika gogo la mgomba wakidhani ni mtoto wao, kumbe mwenyewe amefungwa ndani ya mti kwenye bustani ya malkia, na ukiukata ule mti anatoka mzima. Basi nikisema kisiwa, watu wanapiga miayo. Siku moja, umati umejaa, nikaropoka, "Haya yalitokea hapa hapa, kijiji cha nyuma ya Chiwata, kwa bibi mwenye jicho moja, na miti yenyewe ni mikorosho!" Mnaona? Neno dogo tu, la kukolezea. Watu wakasogea, vitabu vikaisha, ikabaki nakala yangu.

Mmoja hakununua. Baada ya wenzake kutawanyika aliniuliza kwa upole, "Kaka, huyo bibi bado yupo?"

"Yupo! Na mikorosho yake mwaka huu inazaa sana."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Sikujua kwamba yule ni Baba Hamisi, fundi baiskeli wa Chiungutwa, na kwamba wiki mbili nyuma alimzika Hamisi, mwanawe wa pekee, kwa homa ya siku tatu.

Siku ya tatu yake akanijia mama muuza mihogo, anahema. "Bado umekaa, Baba Tatu? Baba Hamisi na ndugu zake wamemvamia Bibi Somoe wa jicho moja, kule nyuma ya Chiwata, kwa mashoka, wanamkatia mikorosho, wanasema wewe ndiye uliyewaonyesha!"

Bibi Somoe nani? (Sikuwa nimewahi kumsikia. Jicho lilitobolewa na ukuni angali mtoto, ndiyo hatia yake yote.) Nikaazima baiskeli, kitabu nimekichomeka kifuani, nikakanyaga hadi miguu ikafa ganzi.

Nilikuta mikorosho minne iko chini, miti aliyoipanda na marehemu mumewe. Bibi amekaa kizingitini, kanga ameibana mdomoni, vijana wamemzunguka na mawe mkononi, wanangoja mti wa tano, maana walishasema humo asipotoka mtu, zamu ni yake.

"Ni kitabu!" nikapiga kelele. "Niliongopa! Ni kisiwa, si huku!"

"Juzi Chiwata, leo kisiwa," akasema mmoja. "Bibi kakuhonga nini? Haya, soma tusikie."

Nikafungua. Jasho linadondokea karatasi. "Ma… mali… malki…"

"He! Muuza vitabu hajui kusoma!"

"Na ndiye anayetuchagulia kitamu, jamani!" akadakia mama mmoja, na kicheko kikapasuka uwanja mzima. Nami nikaendelea, "ki… kisi…", nikiomba kimoyomoyo wacheke zaidi, kwa sababu nilimwona kijana wa kwanza ameangusha jiwe ashike tumbo. Mwingine akaninyang'anya kitabu akasoma haraka haraka hadi kwenye kisiwa, akakifunga. Mmoja mmoja wakaanza kuondoka, wanatazama chini.

Baba Hamisi hakucheka. Shoka bado mkononi.

"Kwa hiyo Hamisi hayumo humu."

"Hayumo, ndugu yangu."

"Yuko wapi?"

Nikalitazama lile shoka.

"Sema. Si ndiye wewe mwenye maneno?"

"Yuko pale ulipomzika."

Akakaa juu ya mkorosho alioukata akalia kama siku ya msiba yenyewe, na wa kumshika hakuwepo, maana ndugu zake walishaondoka.

Nikamgeukia bibi. "Shikamoo, bibi." Hakuitikia. Alisema tu, "Leo wamecheka. Mvua ikikosekana hawatakumbuka kitabu, watakumbuka jicho langu." Kabla ya msimu kwisha alihamia kwa kaka yake Lukuledi, mikorosho iliyobaki akaiacha.

Vitabu nauza mpaka leo. Mtu akiniuliza kitamu kipi, namwambia kwanza: nchi ya humu haipo, bibi wa humu hana shamba, na mtoto anayerudi humu si wako. Wengi hukiweka chini wakaenda zao. Waende.