Sauti ya Shangazi wa Magodoro

Jumatatu, tarehe tatu Machi, mwaka 2014, watu kumi na mmoja waliingia katika chumba kilichokuwa juu ya kituo cha redio, wakakabidhiwa kila mmoja kiti, kompyuta na hedifoni. Kumi walikuja kupiga simu. Wa kumi na moja, ambaye jirani zake walimwita Mama Pacha, alikuja kwa sababu ya sauti yake.

Sauti hiyo ilikwisha kuenea nchi nzima. Ndiyo iliyosema katika tangazo la magodoro, kabla ya kila taarifa ya habari: “Mgongo wakusumbua? Mbipu Shangazi. Atakupigia yeye, wewe hutalipa hata senti.” Msikilizaji akibipu, namba yake ilitokea papo hapo kwenye kompyuta za chumba kile, na mmoja wao akampigia kumweleza unene wa godoro, bei, na duka lililo karibu naye. Sharti la kazi halikuwa na mjadala: kila apigaye ni Shangazi, awe na ndevu au asiwe nazo.

Chumba chenyewe kilikuwa kama tumbo la godoro. Kuta zilivikwa sponji hadi darini ili kelele za barabarani zisiingie, dirisha likazibwa kwa ubao, na feni haikuwashwa kwa kuwa ilivuma ndani ya simu. Simu zao wenyewe walizifungia kabatini asubuhi, na ufunguo akakaa nao msimamizi, kijana aliyenyoosha shati lake kuliko alivyonyoosha maneno.

Miongoni mwa wapigaji alikuwamo bwana mmoja wa miraba minne waliyemwita Mjomba.

“Shangazi gani wewe mwenye koo la trekta?” mteja alimfokea siku ya pili.

“Mafua, mwanangu,” akajibu Mjomba. “Nimelala chini. Ningekuwa na godoro letu hili nisingeugua.”

Walicheka, lakini magodoro hayakununuliwa. Wateja walitaka sauti waliyoisikia redioni, si nyingine. Ndipo msimamizi alipopata wazo: Mama Pacha arekodiwe akijibu maswali yote ya kawaida, na wenzake wawe wanabonyeza tu vitufe vya kompyuta, mteja akiuliza bei, kitufe cha bei, akiuliza unene, kitufe cha unene.

Mama Pacha alilipokea wazo hilo kwa mikono miwili. Mumewe, fundi wa mitambo ya maji, alikuwa amehamishiwa kituo cha pampu kilicho mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi, akatangulia na watoto wao pacha ambao walikwisha kuanza shule huko. Yeye alibaki ili amalize mambo ya hapa, kisha awafuate.

“Yaani nikikuachia sauti, mimi naondoka zangu?” alimuuliza msimamizi.

“Sauti ikibaki, bibie, kiwiliwili nikifanyie nini?”

Akarekodi juma zima, jasho likimchuruzika. Hata hivyo, mwana wa watu alikuwa amelelewa akaleleka; hakujua kuingia nyumba ya mtu, japo kwa simu, bila kuwajulia hali waliomo. Kila baada ya salamu alisema, “Na nyumbani hawajambo?” Maneno hayo hayakuandikwa popote. Yalimtoka kama pumzi, na hakuna aliyeyashangaa, maana wote mle ndani walilelewa hivyo hivyo. Na kwa kuwa hawakuyashangaa, hawakukumbuka kuyatengenezea kitufe.

Mteja wa kwanza aliangukia mikononi mwa mdogo wake Mama Pacha, binti aliyeingizwa kazini na dada yake, na ambaye mshahara wake ndio uliomtunza mama yao mgonjwa.

“Na nyumbani hawajambo?” iliuliza sauti.

“Hawajambo wapi, mwanangu,” ajuza mmoja akaitikia. “Mzee wangu tumemzika juzi.”

Binti alikodolea macho vitufe vyake: bei, unene, rangi, duka, dhamana. Ajuza alikuwa akingoja pole. Kwa kiwewe akabonyeza kilichokuwa karibu na kidole.

“Hilo lisikutie shaka kabisa,” ikasema sauti ya dada yake kwa bashasha. “Dhamana yake ni miaka mitano.”

Mjomba alianza kucheka, kisha akaufunika uso kwa viganja.

Swali likafutwa. Haikupita wiki, watu wakaanza kubipu ili wanune. “Shangazi kapata cheo? Siku hizi hata kutujulia hali hawezi?” Mauzo yakashuka, wenye kiwanda wakapiga simu wakifoka, na swali likarudishwa. Safari hii kikaongezwa kitufe chekundu: mteja akianza kueleza ya nyumbani kwake, anahamishiwa kwa Mama Pacha mwenyewe, aliye hai. Mashine ikawa yauliza kwa vinywa kumi, naye akajibu kwa moyo mmoja. Misiba, talaka, watoto waliokimbia, vyote vilimwangukia masikioni. Akawaliwaza, wakanunua.

Alipokwenda kuaga, msimamizi hakumkaribisha kiti.

“Nenda, mlango huo. Lakini ujue kiwanda kitavunja mkataba, na wa kwanza kutoka ni yule aliyeingia kwa mgongo wako.”

“Mdogo wangu amekukosea nini?”

“Hajanikosea. Ndiyo maana yupo.”

Akarudi kitini.

Mwezi wa nane mashine ikajua kupiga yenyewe na kubonyeza yenyewe. Wapigaji wakapunguzwa, leo wawili, kesho watatu. Wa mwisho kutoka alikuwa Mjomba, aliyesimama mlangoni akasema, “Nimezaliwa mjomba, nimeajiriwa shangazi, nafukuzwa kama nzi. Kwaherini.” Alibakizwa mdogo mtu peke yake, awe anaweka namba za wateja sawa, au, kama wote watatu walivyojua bila kuambizana, awe kamba ya kumfungia dada yake.

Mchana mmoja taa nyekundu ya simu zilizohamishiwa kwake iliwaka. Mama Pacha akapokea.

“Mke wangu,” ilisema sauti ya mumewe. “Simu yako ipo kabatini, basi nimembipu Shangazi.”

Msimamizi, ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza mazungumzo yote, aliinua kichwa.

“Mashine yako imeniuliza habari za nyumbani,” mumewe akaendelea. “Watoto walikuwa wakikusikia redioni, wanakuitikia. Sasa wameacha kuitikia. Unakuja, huji?”

Mama Pacha alimtazama mdogo wake. Binti alikuwa ameinamia meza, hapandishi macho.

“Ahsante kwa kumbipu Shangazi,” akaanza. “Magodoro yetu...”

“Sikuulizia godoro. Nimekuuliza wewe.”

Msimamizi alikuwa ameibana hedifoni yake sikioni kwa kiganja ili asikie vizuri.

“Siji, Baba Pacha,” akasema kwa sauti yake ya nyumbani, ambayo mle chumbani haikuwahi kusikika. “Siji.”

Mumewe akakata simu. Taa ikawaka tena, mteja mwingine.

Mwaka ulipokwisha, katika chumba kile walibaki watatu: msimamizi, binti, na Mama Pacha. Kule kwenye pampu walibaki mume na watoto wawili.