Boti Isiyovuja Hata Tone

Nianze na mimi mwenyewe, maana nikianza na shemeji yangu mtasinzia kabla hatujafika mtoni. Mimi ndiye niliyeandika neno POLISI kwenye boti zote za kikosi cha mtoni. Shule tuliachana mapema, kwa amani, kila mtu akashika njia yake, lakini herufi zilinifuata. Muulizeni mwizi yeyote wa nyavu kinachomtoa jasho akiwa majini. Si bunduki. Ni ile P yangu ikitokeza kwenye kona ya mto.

Boti zenyewe anazitengeneza shemeji, mume wa dada yangu. Karakanani kila mtu anamwita Fundi, kana kwamba sisi wengine tulikuja pale kupiga picha. Ni mtu mrefu, mkavu, mwenye kidole gumba kilichopondwa na nyundo mpaka kikakata tamaa ya kuota kucha. Anasema na mbao kuliko anavyosema na dada yangu, na dada anaona ni afadhali, maana mbao hazina wakwe. Akipita kando ya boti huigonga kwa konzi na kutega sikio, kama anabisha hodi kwa jirani anayejifanya hayupo.

Kikosi kina boti ndogo za faiba, lakini mbili kubwa za kubebea watu ni za mbao, pacha kabisa. Na mbao ina tabia zake. Ikikaa juani husinyaa, na kati ya ubao na ubao hubaki mwanya. Fundi huuziba mwanya ule kwa kalafati: pamba iliyosokotwa, anaishindilia kwa patasi butu na nyundo, kisha anapaka puti juu. Sasa hapo ndipo penye kazi. Boti ikiwa imekauka sana, pamba huwekwa kwa mkono mwepesi, kwa sababu ikirudi majini mbao zitakunywa, zitavimba, na zenyewe zitaifinya ile pamba. Mwanzoni boti huvuja kama tenga. Unaiacha gatini, unakumba maji, unaivumilia, na baada ya siku chache inafunga mdomo yenyewe.

"Boti ni mgeni," shemeji husema. "Mpe maji kwanza, habari utamuuliza baadaye."

Mwaka ule ukame ulikuwa mrefu. Wale pacha walikaa juu ya magogo karakanani mpaka ungeweza kupitisha kisu kati ya mbao zao. Kisha mvua ikaja na hasira zake zote, mto ukapanda, na Inspekta akataka boti majini upesi. Wakati huohuo mpwa wangu, binti wa Fundi, alikuwa amepandishwa cheo kuwa koplo na kukabidhiwa mmoja wa wale pacha. Alikuwa mwanamke wa kwanza kikosini kushika usukani wa boti kubwa. Wenzake walikuwa wamekwisha kunoa ndimi.

"Koplo, utuambie mapema tuje na sabuni," askari mmoja alimwambia pale gatini, mbele ya baba yake. "Boti za mzee zikishushwa huwa bafu."

Binti alicheka. Baba yake hakucheka.

Mchana ule nilikuwa nimekaa juu ya ndoo nachanganya rangi, nikasikia nyundo inalia vingine. Kalafati ya mkono mwepesi hulia tok, tok, kama mtu anayegonga yai. Ile ililia du, du, kama mtu anayechimbia nguzo.

"Shemeji," nikamwambia, "hiyo ni boti au una ugomvi na mtu?"

"Shika brashi yako."

"Nimeshika. Nauliza habari za nyundo."

"Mtoto wangu hatasimama ndani ya maji mbele ya watu siku yake ya kwanza," akasema, akanigeuzia mgongo. Du, du, kwa pacha wote wawili.

Basi, boti zikashushwa. Tulianza na ile nyingine, na kesho yake ile ya binti. Hakuna iliyovuja hata tone. Inspekta aliinua mbao za sakafuni, akapitisha kidole chini, akakitazama: kikavu. Akampa Fundi mkono. Yule askari wa sabuni akakumbuka ana kazi mahali pengine. Mimi nilikuwa napokea sifa za herufi, kwa hiyo sikumtazama shemeji usoni. Dada ndiye aliyeniambia kwamba mumewe alirudi nyumbani na mkono uliopewa sifa akauficha mfukoni, na chakula akakipitia mbali.

Asubuhi iliyofuata ikaja habari kwamba mto umevunja kingo huko juu, na watu wamekimbilia kwenye shule, maji yamewazunguka. Mpwa wangu akaondoka na boti yake, pamoja na askari mmoja wa kumsaidia. Alitupungia mkono bila kugeuka, kama wafanyavyo watu wenye vyeo. Fundi alibaki gatini anatazama mto hata pale ambapo hapakuwa tena na cha kutazama.

Mimi nikashukia kwenye pacha aliyebaki, nimalizie namba ya ubavuni. Nikasimama na brashi hewani. Herufi yangu, ile S ya POLISI, ilikuwa imeteguka kiuno. Nilikuwa nimeiandika juu ya mbao mbili, imenyooka kama askari kwenye gwaride. Sasa ubao wa juu ulikuwa umetoka nje, S ikawa nusu huku, nusu kule.

"Nani amegusa herufi zangu?" nikauliza kwa sauti.

Fundi akaja. Akaweka kiganja juu ya S, halafu akaweka sikio. Hapo na mimi nikasikia. Tik. Kidogo sana, kama mtu anayevunja vidole. Chini ya ile herufi, kichwa cha msumari wa shaba kilikuwa kimeinuka kama jipu.

"Zinavimba," akasema. "Hazina pa kwenda."

"Nini hazina pa kwenda?"

"Mbao. Mianya yote nimeijaza. Sasa zinasukumana, zinang'oa misumari." Midomo yake ilikuwa imepauka. "Hii iliingia majini siku moja kabla ya ile ya mtoto. Inachofanya hii sasa, ile itakifanya hukohuko juu. Imejaa watu."

"Na misumari ikiisha kung'oka?"

"Ubao unafunguka wote. Kama mlango."

Akakimbilia redio. Aliita mpaka sauti ikakwaruza, lakini nyuma ya vilima redio zetu hazishiki, na simu nazo zilikuwa zimekufa tangu mvua ianze. Akarudi na ndoano yake ya kuchokolea pamba, akaruka kwenye boti ndogo ya faiba, mimi nyuma yake, akafungua kamba. Askari wa gati akatujia mbio.

"Fundi, mna kibali?"

"Mwambie Inspekta wazee wawili wameiba boti ya polisi," nikamjibu, nikiwasha mashine. "Atacheka. Halafu mwambie kwa nini, atakimbia."

Nitasema ukweli: hakuna mtu angeupanda mto ule kama nilivyoupanda mimi. Maji yalikuwa rangi ya matofali, yanateremka na magogo, kitanda cha mtu, mlango wenye komeo lake. Gogo moja lilitupita karibu hata nikalisikia likipumua. Kwa kawaida ningepiga hadithi. Siku ile ulimi ulikaa mahali pake. Shemeji alikuwa amepiga magoti mbele, ndoano mkononi, na kila mbao iliyokuja ikielea aliitazama kuona kama imepakwa rangi yetu.

Tuliikuta ile boti ng'ambo ya vilima, inashuka katikati ya mkondo. Imejaa. Kina mama na watoto wamekaa sakafuni, vikongwe, masufuria, mbuzi mmoja. Mpwa wangu yuko kwenye usukani, kofia imenyooka. Nikaisogeza yetu ubavuni mwake, na baba yake akashika ukingo wa boti yake kwa mikono miwili.

"Itoe kwenye mkondo!"

"Baba, unafanya nini hapa?"

"Itoe. Inapasuka."

Akatazama miguuni pake, akatutazama sisi. "Kavu kabisa. Tangu asubuhi haijaingiza hata tone."

"Huo ndio ugonjwa wenyewe."

"Baba, nina watu humu, na wengine wananisubiri kule. Hapa mimi siyo mtoto, mimi ni koplo."

"Basi, Koplo," akasema Fundi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba, "weka mkono wako kwenye ubavu wa boti yako."

Akaweka. Tulingoja, boti mbili zikiteremka pamoja kama zimefungwa pingu. Kisha uso wake ukabadilika. Bibi kizee mmoja aliyekuwa ameegemea mbao akasema taratibu, "Mwanangu, na mimi nilidhani ni mifupa yangu inalia."

Koplo hakubishana tena. Akatafuta kwa macho. Kulia, mahali ambapo zamani palikuwa ukingo, vilitokeza viguzo viwili na mwamba juu yake: goli la uwanja wa mpira, maji yamefika katikati. Akakata usukani. Mkondo ukaishika boti ubavuni, ikalala, watoto wakapiga yowe, na ndani ya yowe lile nikausikia msumari mmoja ukiruka kama kizibo. Kisha tukawa juu ya uwanja, maji ya kifua, yametulia. Nikafunga kamba kwenye goli.

Shemeji akajitosa. Akapapasa ubavu wote, akapata mahali ubao ulipojitokeza, akachomeka ndoano na kuanza kuchokoa. Pamba ikatoka ndefu, kama utumbo. Maji nayo yakaanza kuingia ndani.

"Baba yako anatoboa boti," yule askari msaidizi akamwambia Koplo.

"Naona."

"Tumwache aendelee?"

Mpwa wangu alimtazama baba yake, ameinama, maji yamemfika shingoni, analia au ni mto tu, sikuweza kujua. "Shikeni masufuria," akawaambia abiria. "Kumbeni maji."

Watoto na vikongwe tuliwahamishia kwenye boti yangu. Waliobaki wakakumba. Fundi aliifungua mianya mmoja baada ya mwingine, ubavu huu na ubavu ule, na kila alipofungua tulisikia mbao zikishusha pumzi, zikirudi mahali pake. Ile milio ya vidole ikapungua. Ikakoma. Boti ilikuwa inavuja kama tenga, lakini ilikuwa boti.

Alipopanda, binti yake alimuuliza bila kumtazama. "Ulijua?"

"Mkono ulijua tangu unapiga nyundo. Nikaunyamazisha."

"Kwa ajili ya wale wa sabuni?"

Akatikisa kichwa kukubali. Koplo akampa kopo. "Basi kumba," akasema. "Mimi naendesha."

Tukashuka kandokando ya mto, polepole, mimi mbele nikiwaonyesha njia. Gatini Inspekta alikuwa anatungoja na nusu ya kikosi. Mpwa wangu aliruka nje, viatu vikatema maji kila upande. Yule askari wa sabuni akafungua mdomo.

"Usiulize," Koplo akamwambia. "Chukua ndoo, ingia ndani. Na ninyi wote. Abiria wakishuka tunazifungua mianya hizi mbili zinywe vizuri, na ambao bado wako shuleni tutawafuata kwa za faiba, mbili mbili."

Inspekta alimgeukia Fundi, na Fundi akamwambia kosa lilivyokuwa, lote, bila kulipunguza. Sikusikia alichojibiwa. Niliona tu kwamba jioni watu wote walikuwa wameletwa, na kesho yake shemeji alikuwa karakanani kama kawaida, nyundo inalia tok, tok.

Lililobaki ni langu. Ile S. Mbao za yule pacha wa gatini hazikurudi sawasawa, na S ikabaki imeteguka. Nilikwenda na brashi kuinyoosha, nikamkuta Koplo amekaa juu ya boti anakausha soksi.

"Mjomba, hiyo iache."

"Mpwa wangu, watu watadhani niliandika nimelewa."

"Iache. Ni amri."

Nimeiacha. Hata leo wakipita wavuvi huinyooshea kidole na kunicheka, mimi mwandishi wa mto mzima. Na kila asubuhi shemeji akifika kazini huiendea kwanza ile S, akaigonga kwa konzi, akatega sikio.