Wapangaji wa Tumboni mwa Fundi

Katika nyumba ile ya vyumba vingi na choo kimoja, kila mpangaji alijua: fundi cherehani akitangulia chooni asubuhi, mwenye haraka atajijua mwenyewe.

"Fundi, unashona humo ndani?" dereva wa lori aliuliza huku akigonga mlango wa bati. "Au uzi umekatika?"

Watu walicheka mpaka wenye miswaki mdomoni wakapaliwa. Mke wa fundi hakucheka. Alikuwa amechutama bombani, mtoto mgongoni, na pale alipokuwa alisikia pumzi ya mumewe ikikatika kwa maumivu.

Mwanamke huyo walimwita Mama Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Maharage aliyachagua punje kwa punje. Nepi alizisuuza mpaka maji yatoke safi. Ukimsalimia, alisimama kwanza, ndipo akaitikia. Wengine walimwona mzito. Mumewe naye akibanwa na njaa alimtania: "Mama Kidoti, hilo jiko unalipikia au unalibembeleza?" Kidoti ndiye huyo mtoto wao, aliyezaliwa na alama ndogo nyeusi shavuni.

Fundi alikaa kwenye cherehani tangu kunapopambazuka mpaka macho yakatae kuona tundu la sindano. Maji hakunywa, asije akainuka-inuka na wateja wanangoja. Alichopenda kula ni vyeupe: mkate mweupe, wali, uji wa unga uliokobolewa ukabaki kama poda ya mtoto. Mboga za majani alizisogeza pembeni ya sahani kama vipande vya kitambaa visivyofaa kitu. Basi choo kikawa kigumu, bawasiri ikamtoka, na damu ikaanza kuonekana. Daktari alimwambia wazi: abadili chakula na anywe maji, akirudi hali ikiwa ile ile, atapasuliwa. Tangu siku hiyo fundi hakulala vizuri. Mtu aliyeshika mkasi maisha yake yote, akasikia habari ya kisu akawa mdogo kama Kidoti anapoona sindano.

Siku ya kliniki ya mtoto, Mama Taratibu alimaliza kupimiwa Kidoti uzito, lakini hakuondoka mlangoni.

"Kuna lingine, mama?" nesi aliuliza.

"La baba yake," alisema kwa sauti ndogo.

Nesi alimvutia kiti. Akamweleza kwamba ganda la nafaka, nyuzi za mboga na ngozi ya maharage havisagiki tumboni mwetu, na hapo ndipo ulipo uzuri wake. Vinashuka mpaka utumbo mpana, vinashika maji, choo kinalainika. Tena huko chini wanaishi vijidudu vingi visivyo na idadi, visivyoonekana kwa macho, vinavyokula hayo makapi. Vikishiba, navyo hutengeneza vitu vinavyolisha ukuta wa utumbo. Ukivinyima, vile vizuri vinapungua.

"Ila usimjazie yote siku moja," nesi aliongeza. "Tumbo litamvimba, atakuchukia wewe na maharage yako. Taratibu."

Mama Taratibu alitabasamu. Lilikuwa jina lake.

Alipofika kwenye mashine ya kusaga, akaomba mahindi yake yasikobolewe.

"Pumba zote hizi?" msagaji akashangaa. "Kwani unafuga kuku?"

"Nafuga fundi," alijibu, akafunga mfuko wake.

Akaanza na kiasi kidogo tu cha unga huo ndani ya uji wa kawaida. Kesho yake kijiko cha maharage. Keshokutwa mboga, akazikata ndogo kabisa mpaka zikakosa pa kusogezwa. Fundi alikula akinung'unika, lakini alikula. Ndipo mkewe, kwa furaha, akamweleza habari za vijidudu.

Kijiko kilibaki hewani. "Nina wadudu tumboni?"

"Vijidudu, Baba Kidoti. Si wadudu."

"Na vikikua vinakuwa nini? Si ndio wadudu wenyewe! Na wewe unavipa chakula!"

Hakusikia tena lolote. Jioni ile akapita duka la dawa, akasema anataka kitu cha kuua vijidudu, akapewa vidonge vya rangi mbili bila kuulizwa vya nini. Akavimeza kwa siri, ameridhika kama mtu aliyefukuza mwizi. Baada ya muda mfupi tumbo likaanza kumnguruma na kumwendesha, na ile bawasiri ikamuuma maradufu. Ikabidi aungame.

Mama Taratibu hakupiga kelele. Alimfunga Kidoti mgongoni, wakaenda wote kwa nesi. Nesi alisikiliza, akafunika mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika. Alipotulia akasema dawa zile huua vijidudu vibaya na vizuri pamoja, ni za kuandikiwa na mtu aliyekupima. Akampa dawa ya kurudisha maji mwilini. Vile vizuri, alisema, vingi vitarudi, lakini vinataka muda na chakula.

Njiani Mama Taratibu aliwaza neno. Kwa mumewe, kijidudu ni kitu cha kuua tu. Walipofika nyumbani akamwambia, "Sikia, Baba Kidoti. Wale si vijidudu. Ni wapangaji. Wanakaa kwako, na kodi yao ni kukutunza. Juzi umewafukuza na vyombo vyao nje."

Kufukuzwa kwenye nyumba fundi alikujua. "Sasa watarudi kwa njia gani?"

"Uji."

Wakaanza upya, mkewe na subira yake ile ile. Chupa ya maji aliisimamisha juu ya meza ya cherehani, pale mkono wa fundi ulipofikia mkasi. Kila nguo ilipoisha alimkabidhi mumewe Kidoti, ambebe mpaka barabarani na kurudi, miguu isife ganzi. Wengine wangeshachoka. Yeye aliongeza kijiko, akangoja, akaongeza kingine. Pole pole damu ikapotea, na dereva wa lori akakosa la kumtania.

Siku ya kurudi kwa daktari, Mama Taratibu alibaki nyumbani akiosha maharage yaliyokwisha kuwa safi zamani. Fundi aliingia, akajiegemeza mlangoni.

"Hanipasui," alisema. "Kasema niendelee hivi hivi, nirudi tu kama damu ikionekana."

Mama Taratibu aliweka sufuria chini. Akakaa kizingitini, akajifuta uso kwa pembe ya kanga, na machozi aliyokuwa ameyazuia siku zote hizo yakamtoka. Fundi akachuchumaa mbele yake, mikono haijui iende wapi.

"Mama Kidoti, unalia nini tena? Nimepona mimi."

"Hujapona, unaendelea," alisema, akicheka katikati ya machozi. "Kanywe maji."

Fundi akaenda kunywa.