Mkeka Katikati ya Darasa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mtu mzima mwenye watoto wanne aliruka dirishani akaangukia kwenye kabichi za katekista, na aliyemrusha ni mimi. Sikumgusa hata kidogo. Nilimwambia tu aketi kwenye benchi.

Jambo hilo lilinirudia jana, ulipokuja kunisalimia ukanionyesha mpango wako. Ulisema Jumamosi wewe na wenzako wa chuo mnapanda kule juu ya Mkuyuni kuwafundisha watu wazima kusoma. Mna vishikwambi vitano na wanafunzi kumi, kwa hiyo mtawapanga wawiliwawili, anayejua kidogo pamoja na asiyejua kabisa. Uliposema "wawiliwawili" chai ikanipalia, nawe ukanipigapiga mgongo ukidhani ni uzee. Haukuwa uzee. Kaa hapa nikueleze, na hiyo simu iweke mfukoni.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimemaliza kidato cha nne, na nilikuwa na viatu vya visigino ambavyo nilivipenda kuliko nilivyowapenda baadhi ya ndugu zangu. Nilijitolea kufundisha kisomo katika kijiji hichohicho unachokwenda. Nilitoka Morogoro mjini nikiamini watu wa mlimani wamekaa wananingoja niwatoe gizani. Kumbe walikuwa na mashamba yao, ndoa zao na magomvi yao, na hawakuona giza lolote. Lakini walikuja. Saa tisa alasiri walishuka kutoka shamba, wakanawa miguu, wakaingia katika chumba cha mafundisho ya dini, wanawake upande wao na wanaume upande wao, wakanivumilia.

Miongoni mwao alikuwamo Mama Modesta, mjane wa makamo, mwenye mikono migumu na sauti nzuri ajabu. Huyu hakuja kupitisha muda. Kigango chao, yaani kanisa lao dogo la kijijini, kilikuwa kinakaribia sikukuu yake, na padri alimwahidi kwamba akijua kusoma kufikia siku hiyo, atasoma somo la kwanza mbele ya watu wote. Mpaka wakati huo masomo yalikuwa yakisomwa na wanaume watatu walewale, mmoja wao ana kikohozi. Mama Modesta aliniambia siku ya kwanza, "Mwalimu, nimesikiliza tangu nina meno ya utoto. Na mimi nataka nisikilizwe, hata mara moja tu."

Alijitahidi, lakini alikwenda polepole, na mimi nilikuwa na vitabu vichache kuliko watu. Basi nikatunga mpango. Watu wawili kitabu kimoja, hodari pamoja na mzito. Hodari kuliko wote alikuwa Kalisti, mwanamume mrefu, mkimya, mkulima wa karoti. Nikamwita aje akae na Mama Modesta.

Kalisti akasema miguu inamuuma, atasimama. Nikamwambia miguu ikiuma ndiyo inatakiwa kukaa. Akasema benchi ni fupi. Nikalipima kwa rula, mwanangu, mbele ya watu, nikamwonyesha linatosha. Darasa zima likaanza kutazama sakafu. Mimi nikaona hiyo ni heshima. Kalisti akaketi, nusu ya mwili juu ya benchi na nusu hewani, shingo ameigeuzia ukutani. Mama Modesta akajifunika kanga kuanzia kichwani mpaka magotini.

Nikaenda nikamfunua. Nikasema, "Mama, hapa tunasoma kwa macho, hatusomi kwa kanga," nikacheka mwenyewe. Hilo la kumfunua linaniuma mpaka leo, nakwambia kweli.

Mama akainua uso, Kalisti naye kwa bahati mbaya akageuka. Wakatazamana. Kalisti akatoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa binadamu, akapita dirishani, miguu yote miwili kwa mpigo. Mama Modesta akatoka mlangoni bila kuaga. Kisha mmoja mmoja wakainuka wote, "Kwa heri, mwalimu," "Kwa heri, mwalimu," nikabaki na chaki.

Kesho yake hakuja mtu, wala kesho kutwa. Nikafungua kitabu cha mahudhurio nikaandika "mtoro" mbele ya kila jina, kwa wino mwekundu, nikajisikia nimefanya kazi kubwa.

Siku ya tatu akaja Mzee Anselmi, katekista, ambaye nyumba yake ilipakana na darasa. Mkononi ana kabichi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuletea mboga."

Nikaitazama. Ilikuwa bapa, na juu yake umejichora unyayo mzima, vidole vitano.

"Mzee, hii imekanyagwa."

"Ndiyo. Na ziko nyingine saba. Umezikanyaga wewe, kwa miguu ya Kalisti." Akavuta benchi, akakaa taratibu. "Mke wa Kalisti ni binti wa Mama Modesta. Yule ni mama mkwe wake, na mila ya hapa inawakataza kutazamana. Wakikutana kwenye njia nyembamba, mmoja anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Miaka kumi na miwili hawajatazamana usoni. Wewe umewaweka bega kwa bega, wapumuliane."

Nilihisi masikio yanawaka. "Mbona hawakuniambia?"

"Mwanangu, nani alipewa nafasi ya kusema? Penye wazee haliharibiki neno. Nyumba yangu ni hii hapa. Unapita kila siku na viatu vyako, ko, ko, ko, hujawahi kusimama kuuliza hata jina la mbwa."

Aliondoka, akaniachia ile kabichi. Niliila, na machozi yangu ndiyo yaliyokuwa chumvi.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Asubuhi nilikwenda kumtafuta Mama Modesta, viatu nimevishika mkononi. Alikuwa anapalilia maharage kwenye mteremko ambao mbuzi mwenye akili angeukataa. Nikapiga magoti kwenye udongo, nikaomba radhi. Akamalizia kwanza tuta alilokuwa analipalilia. Halafu akasema, "Mwalimu, kumbe pua ya Kalisti imepinda?" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akalitupa jembe akakaa chini.

Kicheko kilipokwisha, uso ukabadilika. "Lakini sirudi. Tukirudi wote wawili, watu watatucheka. Nikirudi peke yangu, binti yangu atasema nimemnyima mumewe elimu. Basi. Hilo somo watasoma wenyewe." Akaokota jembe. Akaanza kupalilia tena, kwa nguvu kuliko mwanzo. Sikukuu ilikuwa imebaki wiki tatu.

Hapo ndipo nilipofanya jambo la maana la kwanza tangu nifike kijijini pale. Niliuliza. "Mama, Kalisti akija nyumbani kwako kukusalimia, anakaa wapi?"

Akanitazama kama mtu anayemwona mtoto ametamka neno lake la kwanza. "Anakaa barazani. Mimi nakaa ndani, mkeka umening'inia mlangoni. Akiwa na neno, anamwambia mke wake, naye ananifikishia."

Nikasema, "Naomba huo mkeka."

Tuliutundika katikati ya darasa kwa kamba, kutoka kwenye boriti mpaka sakafuni, na watu wakarudi, wengine nadhani kwa ajili ya kuuona tu. Kitabu kilipita chini ya mkeka. Kalisti alisoma mstari upande wake, Mama Modesta akaurudia upande wake, na makosa yalisahihishwa kwa heshima zote.

"Mwambieni mama ameruka neno."

Darasa: "Mama, umeruka neno."

"Mwambieni mkwe nimeliona. Nilikuwa nalirudia."

Darasa: "Kalisti, ameliona."

Kwa kufikisha salamu hizo, kila mtu aliusikia kila mstari mara tatu au nne. Sijapata kuona darasa linaelewa haraka kiasi kile, na mpango haukuwa wangu.

Siku ya sikukuu Mama Modesta alipanda kwenye mimbari. Somo lilikuwa la wale vijana watatu na tanuru la moto. Alisoma vizuri, sauti inajaza kanisa, mimi nalia waziwazi. Kisha akafika kwenye jina la yule mfalme aliyewatupa humo. Akasimama. Akajaribu, akakwama. Yule msomaji mwenye kikohozi akaanza kusafisha koo, tayari kusaidia. Ndipo nyuma kabisa, kutoka kwa mtu mrefu aliyegeuzia uso ukutani, ikasikika sauti:

"Mwambieni mama: Ne-bu-kad-ne-za."

Kanisa zima likamfikishia: "Nebukadneza!"

Mama Modesta hakuinua macho kutoka kitabuni. "Mwambieni mkwe nilikuwa navuta pumzi," akasema, akaendelea mpaka mwisho. Padri alilazimika kujifanya anatafuta leso.

Sasa, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Kabla hujampanga mtu akae na nani, uliza yeye ni nani kwa yule, na muulize mzee wa jirani kabla ya kabichi zake kukanyagwa. Mtu mzima asiyejua kusoma anajua mengine mengi, na asipokuja darasani usimwandike mtoro mpaka ujue umemfanyia nini. Kuuliza si ujinga. Mimi ujinga wangu wote niliufanya kwa kutouliza.

Nilipoondoka Mama Modesta alinipa ule mkeka. Uko nyuma ya mlango, umechakaa lakini haujatoboka. Uchukue. Nenda salama, Mungu akulainishie ulimi na miguu, upokelewe kwa mikono miwili, na yeyote utakayemfundisha atoke darasani kwa kupitia mlangoni.