Darasa Lililochechemea

Siku hizi Mokua hufundisha karate akiwa ameketi. Kiti alikitengeneza mwenyewe, sofa ya mtu mmoja yenye mikono mipana na kitambaa chekundu, na ukimkuta humo jioni akitoa amri kama chifu barazani, usimwonee huruma. Ana furaha mtu yule. Analala usingizi ambao hakuupata tangu goti lake liharibike, na wa kushukuriwa ni msichana mmoja ambaye yeye Mokua alikaribia kumlemaza.

Mokua ni fundi wa sofa mjini Migori. Karakana yake iko kando ya barabara iendayo Isebania, na nyuma yake kuna banda la mabati lililokuwa stoo ya mbao. Humo ndimo watu hufanyia mazoezi. Mikeka yao si ile ya kwenye runinga. Ni vipande vya sponji vilivyobaki kwenye sofa za watu, vikashonwa pamoja na kuvikwa vitambaa vya maua, kwa hiyo mtu akitupwa chini huangukia waridi. Wageni hucheka sana wanapoiona. Wakishaanguka mara moja huacha kucheka na kuuliza bei ya godoro.

Karate yake aliipata ujanani huko Kisii, kwa askari jela mmoja aliyekuwa na maneno machache kuliko bubu. Askari yule alisimama mbele akapiga teke, na wanafunzi wakapiga. Akarudia, wakarudia. Ukiuliza swali, ulitumwa kuzunguka uwanja mpaka swali likutoke kwa jasho. Mokua akaondoka pale akiamini kwamba hiyo ndiyo njia pekee ya kufundisha, na alipopata banda lake mwenyewe akaweka sheria ileile. Midomo imefungwa, macho wazi. "Usiniulize, niangalie," ndivyo alivyowaambia wote. Sabato hakuna mazoezi, maana yeye ni Msabato wa dhati, lakini siku nyingine unakuja, unamwangalia, unafanya kama yeye. Na wanafunzi wake walikuwa hodari wa kuiga. Taabu yote ilianzia hapo.

Miaka michache iliyopita alikuwa akishusha mbao kwenye lori, ubao mmoja ukateleza ukamgonga goti la kushoto. Mtu mwenye akili timamu angekwenda hospitali. Mokua alijipaka dawa ya kuchua, akajikaza kisabuni, akarudi darasani. Priscah, mkewe, alimsihi mpaka akachoka.

"Baba Emmah, si uende tu waliangalie? Hilo goti linalia kama mlango."

"Litapoa."

"Basi waambie hao watu wako wa karate wakupe nafasi upumzike."

"Mwalimu hawezi kuwa mgonjwa mbele ya wanafunzi. Wakijua nimeisha, kesho nani atakuja?"

"Sawa," Priscah akasema, huku akimwekea chai. "Endelea kumficha mgonjwa tunayemsikia wote akipanda kitandani."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Mokua aliijua methali hiyo vizuri. Alidhani inawahusu wengine. Akabuni ujanja wake. Ukipiga teke kwa mguu wa kulia, wa kushoto ndio unaobeba mwili mzima, na goti lake linatakiwa kukunjika kidogo ili lipokee uzito. La Mokua lilikataa kukunjika. Kwa hiyo akawa analikaza likanyooka kama mguu wa meza, anateremsha bega la kushoto, ndipo anarusha teke. Halikuwa teke zuri lakini lilifika lilikokwenda, na yeye akajipongeza kimoyomoyo kwamba hakuna aliyeona.

Wote walikuwa wameona. Tatizo ni kwamba hawakuona ugonjwa. Waliona somo.

Katika darasa hilo hakuna aliyekuwa na macho makali kama Shamima. Ni binti wa Sharif, mfanyabiashara wa vitambaa aliyetoka Pwani zamani akafungua duka katikati ya mji, na ndiye anayemuuzia Mokua vitambaa vya sofa. Shamima alipomaliza shule akasema anataka karate. Baba yake alimleta karakanani mwenyewe, akakagua mikeka kwa mkono kama anayenunua khanga, kisha akamwambia Mokua, "Huyu ndiye mtoto niliyenaye. Namkabidhi kwako." Mokua aliinama. Tangu siku hiyo alimfundisha kwa bidii kuliko wote, maana yake ni kwamba alimpigia mateke mengi zaidi ya kuangalia.

Siku ya mtihani wa mikanda ikafika. Ulifanyika Jumapili mjini Homa Bay, katika ukumbi ulio karibu na ziwa, na mtahini alikuwa Sensei Bogonko, mzee mfupi kutoka Kisumu anayesifika kwa kuona kasoro kabla hujaifanya. Darasa la Mokua likaingia kwa mstari, sare zimepigwa pasi, Shamima mbele na hijabu yake nyeupe. Mokua akakaa na walimu wengine kando ya ukuta, kifua kimemjaa.

"Teke la mbele," Bogonko akaamuru.

Mstari mzima ukakaza goti la kushoto. Mstari mzima ukateremsha bega. Kisha miguu ya kulia ikaruka.

Bogonko akainua mkono. "Tena."

Wakarudia vilevile, pamoja kabisa, kama kwaya.

Mwalimu mmoja ukutani akaanza kucheka. Bogonko hakucheka. Akapita mbele ya mstari taratibu akitazama miguu, kisha akauliza, "Kati yenu, nani ana goti bovu?"

Hakuna aliyejibu. Katika darasa la Mokua hakuna anayejibu.

Mzee akageuka, akamtazama Mokua pale alipokaa mguu mmoja umenyooshwa mbele yake. Alimtazama muda mrefu. Mokua aliona sasa kile ambacho hakuwahi kukiona kwa sababu siku zote alikuwa ndani yake: maumivu yake mwenyewe yamesimama mstarini, yamevaa sare.

Lakini aibu ilikuwa ndogo. Kubwa ilikuwa inakuja. Bogonko alirudi kwa Shamima, akamwambia aketi kwenye benchi, akambonyeza chini ya goti la kushoto kwa kidole gumba. Shamima akauma mdomo na macho yakamjaa maji.

"Linauma tangu lini?"

"Tangu Ramadhani, Sensei."

"Mbona hukusema?"

Shamima akainamisha kichwa. "Mwalimu pia huumwa na huwa hasemi. Nilidhani hiyo ndiyo karate."

Mokua alisikia. Ukumbi wote ulisikia. Anasema mpaka leo kwamba amewahi kupigwa ngumi, mateke na ubao wa lori, lakini hakuna kilichomwingia kama maneno yale ya upole.

Bogonko alisimamisha mtihani wa darasa lile. Hakumfokea Mokua, na afadhali angemfokea. Alimvuta kando akamwambia, "Mwanafunzi hachagui. Anabeba kila unachomwonyesha, kizuri na kibovu, na kama hufungui mdomo atajuaje kipi ni kipi? Goti linaweza kuwa limechoka tu. Linaweza kuwa limekatika ndani. Mpeleke kwa daktari wa viungo kesho, na asipige teke hata moja kabla."

Kumwambia Sharif ilibidi aende mwenyewe. Jioni hiyo alisimama mbele ya duka la vitambaa akapiga moyo konde, akaingia, akaeleza yote: ubao, goti, ujanja wake, na vile binti alivyouiga mpaka akaumia. Hakupunguza kitu. Sharif alimsikiliza huku akikunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

"Umekuja mwenyewe kuniambia haya?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Hasira ninazo, Mwalimu, sitakuficha. Nitaziweka hapa mpaka nisikie daktari anasema nini. Kesho twende sote."

Asubuhi wakarudi Homa Bay, safari hii hospitalini. Daktari wa viungo alikuwa Hodan, mwanamke kijana asiye na muda wa porojo, na alimchukua Shamima akafunga mlango. Mokua na Sharif wakabaki koridoni kwenye benchi moja, kila mmoja mwisho wake. Mokua akaomba. Hakuomba kwa ufasaha kama kanisani. Alimwambia Mungu goti lake bovu alichukue lote kama analihitaji, na la kulia pia, bora amwachie msichana lake. Kila mlango ulipolia alifikiri ni wao. Alimwona Shamima akipanda ngazi kwa mkongojo, akiolewa kwa mkongojo, na Sharif akimtazama yeye Mokua kila anapokuja kununua kitambaa.

Hatimaye Hodan akatoka. "Mwalimu ni nani?"

Mokua akasimama.

"Hakuna kilichokatika," Hodan akasema. "Mishipa inayoshikilia pia ya goti imevimba kwa kubebeshwa uzito goti likiwa limenyooka. Apumzike wiki kadhaa, afanye mazoezi nitakayompa, na aache kusimama vibaya. Ni kijana, atapona kabisa. Mngengoja hadi mwisho wa mwaka ningewaambia mengine."

Mokua alikaa chini bila kuangalia kama benchi lipo. Kisha akalia. Alilia palepale koridoni, mtu mzima mwenye mkanda mweusi, machozi yakimdondokea ndevuni, na hakujali nani anapita. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walidhani amefiwa, mama mmoja akampa pole. "Hapana, mama," Mokua akamwambia, "nimefurahi."

Sharif alisogea kutoka mwisho wa benchi akakaa karibu naye. "Alhamdulillahi," akasema. "Zile hasira nimezitafuta sizioni, Mwalimu. Lakini usinitie roho mkononi hivi tena."

Hodan alikuwa bado amesimama mlangoni. Macho yake yalikuwa kwenye mguu wa Mokua. "Mzee, na wewe ingia."

"Mimi sikuja kwa ajili yangu."

"Najua. Ndiyo sababu liko hivyo. Ingia."

Goti lake halikupewa habari njema kama la Shamima. Halitarudi lilivyokuwa, na mateke yameisha. Atatembea, atashona sofa, atapanda kitandani bila kulia kama mlango akifuata mazoezi. Jambo la ajabu ni kwamba lile alilokuwa akiliogopa miaka yote, la kuambiwa ameisha, lilipotamkwa halikumuuma. Alitoka mle ndani mwepesi, kama aliyetuliwa gunia la mahindi kichwani. Priscah alipoambiwa aliangua kicheko, akamkumbatia, akasema sasa angalau yule mgonjwa anaweza kula mezani na watu.

Kilichobaki ni kujifunza kuongea. Hilo lilikuwa gumu kuliko karate yenyewe. Siku za mwanzo alikaa kwenye kiti chake chekundu akihangaika kutafuta maneno ya vitu ambavyo mwili wake ulivijua tangu ujanani. "Kunja goti kidogo. Hapana, si sana. Si hivyo. Kama unataka kukaa, halafu unabadilisha nia." Mstari ukayumba. Onyango, anayeendesha bodaboda na hana subira, akaikumbuka amri ya kufunga mdomo akaivunja, akimwita mwalimu kwa Kijaluo.

"Japuonj, leo umeongea mpaka miguu zetu zimechanganyikiwa."

Banda zima likacheka, Mokua kwanza. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kicheko humo ndani wakati wa mazoezi, na mabati hayakuanguka. Polepole maneno yakaja. Akajifunza kusema uzito uko wapi, pumzi itoke lini, bega lifanye nini, na kwa nini. Akajifunza hata kusema sijui, tujaribu. Shamima wakati huo wote alikaa kando akifanya mazoezi yake ya Hodan kwa mpira wa kunyoosha, akisikiliza kila neno.

Kisha jioni moja, kabla ya kuanza, Mokua akawauliza kitu ambacho hakuwahi kuulizwa na askari wake wala kumuuliza mtu.

"Leo nani anaumwa?"

Walitazama mbele, mikono ubavuni, kama alivyowazoeza.

Mokua akainua mkono wake mwenyewe. "Mimi naumwa. Goti la kushoto, tangu asubuhi, kwa sababu ya mvua."

Walimtazama. Onyango akakuna shingo, akainua mkono. "Mgongo. Ni ile barabara ya Karungu." Bichage, fundi wa kuchomelea, akainua wake na kusema kiganja kinamsumbua tangu mwezi uliopita. Kisha wa nyuma yake, kifundo cha mguu. Kisha mwingine, na mwingine, mpaka mikono ikajaa banda na Mokua akabaki ameduwaa kwenye kiti chake, akijiuliza alikuwa akifundisha watu gani miaka yote hiyo.

Mkono mmoja tu haukuwa juu. Shamima alikuwa amesimama mstarini, mpira wake umebaki kwenye benchi.

"Na wewe?" Mokua akamuuliza.

"Mimi siumwi, Mwalimu," akasema. "Kweli kabisa. Leo siumwi popote."

"Basi njoo mbele," Mokua akamwambia. "Waonyeshe teke."