Baba Aliyeinama

Siisahau asubuhi ile kule Keko, mtaa wa mafundi seremala. Nilikuwa nimepeleka kwenye karakana ya baba kitoroli kinachojiendesha, nilichokitengeneza chuoni kwa ajili ya utafiti wangu. Kazi yake ilikuwa kubeba mbao kutoka kwenye mashine hadi nje barabarani, na kikiona mtu mbele kisimame. Macho yake yalikuwa kamera moja tu. Akili yake ilikuwa mtandao wa neva, yaani programu inayoonyeshwa picha nyingi mpaka ijue yupi mtu na upi ubao.

Picha nilizipiga mwenyewe palepale karakanani, na nilijivunia. Nilimwambia msimamizi wangu kwamba programu za ng'ambo hazilijui vumbi la mbao za mninga wala mwanga unaopenya kwenye mabati yetu, naye akakubali. Mchana alikuwa aje kuona majaribio. Yeye hakunitia hofu. Hofu yangu ilikuwa miguu ya baba, maana kitoroli kikijaa mninga kinaweza kuvunja mfupa, na baba aling'ang'ania awe wa kwanza kukijaribu.

Alipita mbele yake, kikasimama. Wakapita mafundi wenzake, kikasimama, wakacheka na kukiita bwana mdogo. Nikapumua. Baba akarudi kwenye kazi yake, akapiga goti, akainama juu ya mguu wa kitanda na kuanza kuupiga msasa. Kitoroli kikageuka na mzigo wake, kikamwelekea. Nikatazama kompyuta. Kile kiboksi cha kijani ambacho programu humchorea kila mtu inayemtambua hakikuwepo. Kwa kitoroli, pale palikuwa na mbao tu.

Nilikipiga kitufe chekundu cha kukizima kwa kiganja kizima. Kitoroli kilisimama kikiwa kimeshagusa kandambili yake. Baba aligeuka akaniuliza kama betri imeisha.

Nikazifungua upya picha nilizokifundishia kitoroli. Mafundi wote walikuwa wamesimama. Kila nilipokuja na kamera, wazee wale waliweka randa chini, wakajipangusa vumbi, wakafunga vifungo vya shati na kusimama wima, mikono ubavuni, kama wanapigwa picha ya pasipoti. Na mimi niliyetoka kuwaamkia shikamoo, ningeanzaje kumwambia mtu mzima arudi kuinama ndipo nimpige picha? Kitoroli kilishika nilichokifundisha, kwamba mtu ni yule aliyesimama. Nilikasirika sana, na sikujua nimkasirikie nani.

Nilimweleza baba kosa lile. Alinisikiliza mpaka mwisho, msasa ukiwa bado mkononi.

"Basi si tabu, mwanangu," akasema. "Kikiwa kinapita, mie nitakuwa nasimama."

Magoti yake yamechoka siku nyingi. Kusimama kwenyewe hushika meza kwanza. Aliyasema hayo kwa upole, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea. Niliona uchungu. Nikampigia msimamizi nikamwambia asije.

Kisha nikachukua kamera, nikakaa kwenye maranda kando yake, nikamwomba aendelee na kazi na asinitazame kabisa. Akatii, akainama. Halafu mkono wake wa kushoto ukapanda taratibu hadi shingoni, ukafunga kifungo cha juu cha shati.