Picha Kwanza, Swali Baadaye

Mwenyekiti wa chama kile hakunipenda tangu tulipoonana mara ya kwanza, na mimi sikujisumbua kumpenda. Aliniita ofisini kwake mtaa wa Rohero, katikati ya mji, ghorofa ya juu ya duka la dawa, akanitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, kisha akamuuliza karani wake kwa Kifaransa kama hakupatikana mwanamume wa kuifanya kazi ile. Alidhani binti wa fundi magari wa mtaa wa Bwiza hakielewi. Nikamjibu kwa Kifaransa hicho hicho kwamba wanaume wapo, na ndio hao waliomharibia kazi hiyo mara ya kwanza. Karani akainamisha kichwa asionekane anacheka. Kazi nikapewa.

Kilikuwa chama cha wataalamu: wahasibu, mawakili, wahandisi, watu wa benki. Walitaka programu ya simu ambayo kwayo mtu anayeanza kazi, au aliyekwama katikati, angempata mkubwa wa fani yake, amuulize maswali, aongozwe. Hao wakubwa tuliwaita walezi. Kijana mwingine ndiye aliyetengeneza mitambo ya ndani. Mimi nilichora kurasa: mtu aone nini kwanza, abonyeze wapi, baada ya hapo kije nini.

Kabla ya kuchora chochote nilikaa na watu wenye shida yenyewe. Mmoja alikuwa jirani yangu wa mtaa wa Mutanga Sud, mama mhasibu aliyeacha kazi ili kumuuguza mumewe. Mume alipofariki, akarudi kutafuta kazi, na kila ofisi ilimtazama kama mtu aliyepotea njia. Swali lake lilikuwa moja: "Wakiniuliza kwa nini nilikaa nyumbani miaka yote hiyo, nijibu vipi bila kuonekana naomba huruma?"

Swali hilo ndilo lililonionyesha namna ya kuchora. Mlezi angesoma swali kwanza. Jina na picha ya muulizaji vingefunguka baadaye, mlezi akishakubali kujibu. Niliipenda michoro ile kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora.

Kikaoni, mwenyekiti akaitazama muda mfupi tu.

"Picha iko wapi?"

"Inakuja nyuma, mlezi akishakubali swali."

"Apana. Mi siwezi kusaidia mutu sijamuona sura."

"Sura itakuambia nini juu ya uhasibu?"

"Dada, we chora. Kufikiri ni kazi yetu."

Wenzake mezani wakacheka. Nilichora upya kwa meno yaliyokazwa: picha juu, kubwa, na swali chini yake kwa herufi ndogo, kama alivyotaka. Walezi wenyewe hawakutakiwa kuweka picha. Nilipouliza kwa nini, niliambiwa hao ni watu wa heshima.

Tukaijaribu programu kwa wanachama na waulizaji wachache kabla ya kuitangaza mjini. Jirani yangu akaweka picha yake, nywele zimeanza mvi, na swali lake chini. Hakuna aliyejibu. Nilimwambia labda wana kazi nyingi.

"Kazi gani?" akasema. "Angalia hapa. Wote wamesoma."

Kweli, alama za kusomwa zilikuwa pale, nilizichora mwenyewe.

Yeye ndiye aliyepata wazo, si mimi. Alimwomba mtoto wa dada yake, msichana anayesoma chuo kikuu, ruhusa ya kutumia picha yake. Akafungua akaunti nyingine, akaandika swali lile lile, neno kwa neno. Alasiri hiyo hiyo majibu yakaanza kuingia. Jibu la mwenyekiti, ambaye naye alikuwa mlezi, lilisema swali ni zuri sana, ila mambo kama hayo hayazungumzwi kwenye simu. Aje Jumamosi wakale samaki wa mukeke ufukweni, waongee vizuri.

Jirani yangu alinisomea ujumbe huo mlangoni kwangu. Nilidhani atalia. Kumbe ilikuwa hasira.

"Unipeleke kwake," akasema.

Kikao cha mwisho kiliruhusu mtumiaji mmoja aje kutoa maoni. Nikaenda naye. Mwenyekiti alikuwa anawaeleza wenzake jinsi programu itakavyoinua vijana wa nchi. Alipomaliza, jirani yangu akasimama bila kuitwa, akamgeukia.

"Bwana Prezida, mi nilikuuliza swali, ukasoma, ukanyamaza. Mutoto wa dada yangu amekuuliza lile lile, ukamuita kula mukeke. Leo nimekuja mwenyewe. Nijibu."

Akaweka simu mezani, mbele ya mwenyekiti, ujumbe ukiwa wazi. Aliyekaa kulia kwake akausoma, akasogeza kiti.

"Huyu mama ametoka wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Ametoka kwenye programu yako," nikasema.

"Huu ni uongo! Amejipa sura ya mutu mwingine!"

"Sura ni ya mwingine," mama akasema. "Swali ni langu."

Mwenyekiti akanigeukia mimi. "Ni we umemutuma. Toka. Na michoro uiache hapa."

"Iko kwenu tayari. Na mimi siitaki ilivyo sasa."

Tulipofika mlangoni, mzee mmoja mstaafu wa benki alimwambia mwenyekiti kwamba mama bado anangoja jibu. Mwenyekiti akaanza kukusanya karatasi zake. Basi mzee mwenyewe akamjibu mama: "Sema ulikuwa unauguza, halafu unyamaze. Usijitetee. Atakayeendelea kukuchimba, kazi yake usiitake."

Ndio ulezi pekee nilioushuhudia katika chama kile. Jirani yangu alilitumia jibu hilo kama lilivyo, mbele ya mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, akaajiriwa. Haipendi sana kazi hiyo, na anasema hivyo waziwazi, lakini vitabu vya hesabu ni vyake na hakuna anayemwingilia.

Programu ilitoka, picha zikijaza kioo kizima. Mwenyekiti akawaambia watu mjini kwamba mimi ni mwanamke wa vurugu, na wateja wawili niliokuwa nazungumza nao wakaacha kupokea simu zangu. Mama yangu akanisihi nikaombe radhi. Nilimuuliza radhi ya nini, akakasirika na mimi pia.

Tangu hapo nimekutana na mwenyekiti mara moja, benki, Rohero. Watu walikuwa wengi kwenye foleni na wengi walimjua. Akatabasamu, akaninyooshea mkono, akaniita "dada yetu". Nilitazama mkono ule, nikamtazama usoni, nikasogea mbele kwa sababu foleni ilikuwa imesogea. Alibaki ameunyoosha kidogo, kisha akautia mfukoni.